Kuhuisha kibali cha bangi ya tiba Kanada: kliniki ya simu, daktari wako, au kuacha muda upite?

Ujumbe huingia asubuhi: kibali chako kinaisha baada ya siku 30, bonyeza hapa upange miadi. Wengi hubonyeza palepale, kama mtu anayeongeza salio, na siku chache baadaye wana karatasi mpya. Wengine huuacha ukae, wakijiambia watamwuliza kwanza daktari wao wa familia. Wapo pia wanaoufuta, kwa sababu duka la bangi lipo karibu na kituo cha basi na halimdai mtu zaidi ya kitambulisho.

Mimi ni mkalimani hapa Ontario. Kazi yangu ni kukaa katikati ya daktari na mgonjwa anayesema Kiswahili, siku hizi zaidi kwa simu, na miadi ya kuhuisha vibali vya bangi kwa ajili ya ugonjwa wa wasiwasi nimeitafsiri mara nyingi kiasi cha kujua swali lijalo kabla halijaulizwa. Ya mgonjwa hubaki kwenye simu ile, kwa hiyo hapa sisimulii habari za mtu. Lakini daktari akishakata simu, watu huniuliza jambo ambalo kanuni za kazi haziniruhusu kulijibu: "Ungekuwa wewe, ndugu yangu, ungefanyaje?" Basi acha niziweke njia hizo tatu bega kwa bega, nje ya saa za kazi.

Karatasi ni ileile

Kanada ilianza kutoa ruhusa za bangi kwa wagonjwa mwaka 1999, karibu miaka 20 kabla ya tarehe 17 Oktoba 2018 ambapo bangi ilihalalishwa kwa watu wazima wote. Njia ya wagonjwa haikufutwa siku hiyo. Iliingizwa ndani ya kanuni mpya na ipo mpaka leo. Msingi wake ni hati moja ya kitabibu inayotiwa saini na daktari, au na muuguzi wa ngazi ya juu mwenye mamlaka ya kutibu na kuandika dawa. Ndani yake kuna jina, taaluma, anwani na namba ya leseni ya aliyesaini, jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, gramu za bangi kavu kwa siku, na muda wa matumizi. Muda huo hauwezi kuzidi mwaka mmoja.

Tazama kisichokuwemo. Sheria haidai hati itaje ugonjwa, wala serikali ya Kanada haina orodha ya magonjwa yanayokubaliwa. Ndugu zetu walioko Pennsylvania, Marekani, wanaijua hali tofauti: kwao kuna orodha, na magonjwa ya wasiwasi yaliingizwa humo Julai 2019. Hapa uamuzi wote umeachwa mikononi mwa anayesaini. Anaweza kukuandikia kwa ajili ya wasiwasi, na anaweza kukataa, na katika hali zote mbili hajavunja sheria.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: neno "kuhuisha" ni la mazoea tu. Muda wa hati ukiisha, hakuna muhuri wa kuongezea mwaka wala siku za nyongeza. Unaandikiwa hati mpya, na kwa maana hiyo mtu anayesaini anatakiwa akupime upya, kama vile anakuona leo kwa mara ya kwanza. Kama anafanya hivyo au hafanyi, hapo ndipo njia hizi zinapoachana. Hati inayotoka kliniki ya simu na inayotoka kwa daktari wako wa miaka kumi zina nguvu sawasawa mbele ya muuzaji na mbele ya polisi. Kwa hiyo ninapolinganisha najiuliza kwanza: ni nani huko atakayeniuliza kama bangi hii imenisaidia, na je, ana nafasi ya kusikiliza jibu?

Kliniki ya simu

Sifa yake kubwa inajulikana: ni ya haraka. Unajaza fomu mtandaoni, unapakia picha ya kitambulisho, unajibu maswali ya kupima wasiwasi, kisha unapigiwa kwa video au kwa sauti. Mara nyingi anaanza mtu wa maelezo, ambaye kazi yake ni kukufafanulia mafuta ya kudondosha chini ya ulimi, maua makavu na jeli za kutafuna, halafu anaingia daktari au muuguzi kwa dakika chache. Kliniki yenyewe hupeleka hati kwa muuzaji uliyemchagua, na mzigo unakuja kwa posta au tarishi. Kwa anayeishi mji mdogo wa kaskazini, au mama mwenye watoto watatu na zamu za usiku, hiyo si anasa. Na kwa mtu ambaye wasiwasi wake unamshika hasa kwenye vyumba vya kusubiri, kuongea akiwa jikoni kwake ni nusu ya tiba.

Gharama sasa. Baraza linalosimamia madaktari wa Ontario limekuwa likiihesabu hati hii kama agizo la dawa, na kwa sababu hiyo daktari hatakiwi kumtoza mgonjwa wala muuzaji kwa kuijaza. Ukidaiwa pesa kwa ajili ya saini yenyewe, uliza ni za nini. Nje ya Ontario utaratibu unaweza kuwa tofauti, uliza kabla ya kuweka namba ya kadi. Jiulize pia kliniki inaishi kwa nini kama wewe hulipi. Zipo kliniki zenye uhusiano wa kibiashara na wauzaji. Hilo peke yake halina ubaya, ila ukiona unasukumwa kwa muuzaji mmoja tu, au gramu zako zinapendekezwa kupanda bila wewe kusema zimepungua nguvu, una haki ya kuuliza kwa nini. Na hati ikishapelekwa kwa muuzaji mmoja, kanuni zinakuruhusu kuomba ihamishiwe kwa mwingine, hulazimiki kusubiri mwaka upite.

Udhaifu wake nimeusikia kwa masikio yangu, na sehemu kubwa ni ya lugha. Maswali yanayotumika sana ni yale saba yanayoitwa GAD-7. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla inafika 21, na alama 5, 10 na 15 ndizo mipaka ya wasiwasi mdogo, wa kati na mkali. Yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hukuwa na tatizo kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku? Sasa mwulize mtu mzima wa kwetu, kwa simu, kama katika wiki mbili hizi amesumbuliwa na wasiwasi. Atakwambia, "Tunamshukuru Mungu." Au, "Kawaida tu." Mimi natafsiri alichosema, upande wa pili wanaandika sifuri, na tunasonga swali la pili.

Tena neno lenyewe linateleza. "Nina wasiwasi naye" katika Kiswahili ni kumshuku mtu. Anayeumwa hasemi ana wasiwasi: anasema ana mawazo mengi, moyo unaenda mbio, roho haitulii, usingizi umekata. Daktari anayemwona uso kwa uso angeona goti linalotikisika muda wote. Kwa sauti peke yake, mgonjwa anayejibu kwa adabu anaonekana amepona, na wa pili anayelalamika kwa sauti kubwa anaonekana mahututi. Video inasaidia kidogo, kama kamera haijaelekezwa darini.

Kisha faragha. Nimewahi kutafsiri watu wakiwa ndani ya gari lililoegeshwa nje ya duka la kahawa, kwa kuwa nyumbani mashemeji wamejaa sebuleni na neno bangi halitamkiki mbele yao. Gari lililosimama sawa. Ukiwa unaendesha, daktari makini atakata simu, na atakuwa amefanya vizuri.

Daktari wako wa familia

Tuondoe kwanza kosa moja: tiba mtandao na daktari wako si vitu viwili vinavyopingana. Madaktari wengi wa familia nao hupiga simu siku hizi. Tofauti ni kwamba wako ana faili lako. Anajua kuwa unameza escitalopram, dawa ya wasiwasi na sonona, na kwamba CBD, kiini cha bangi kisicholevya, inaweza kupandisha kiwango chake mwilini kwa sababu ini linazivunja kwa njia moja. Anajua habari ya dawa ya kuzuia damu kuganda uliyoandikiwa, ambayo CBD inaweza kuiongezea nguvu mpaka pabaya. Anajua mjomba wako aliwahi kulazwa kwa kuchanganyikiwa akili, jambo ambalo wewe kwenye fomu ya mtandaoni uliliruka kwa aibu, na ambalo kwa bangi yenye THC, kile kiini kinacholevya, ni onyo kubwa kuliko yote.

Lakini huyo ndiye pia mwenye uwezekano mkubwa wa kukwambia hapana, na inafaa ujue kwa nini, usije ukadhani amekudharau. Chama cha kitaaluma cha madaktari wa familia wa Kanada kilitoa mwongozo wake Septemba 2014 kuhusu bangi kavu kwa maumivu sugu na wasiwasi, na kwa wasiwasi kilisema wazi kuwa si tiba inayofaa. Kilishauri pia isiandikwe kwa walio chini ya miaka 25, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye historia ya ugonjwa huo wa kuchanganyikiwa akili, wenye ugonjwa wa moyo, na waliowahi kutekwa na bangi. Ushahidi uliofuata haujaugeuza sana msimamo huo. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha mapitio ya tafiti 83 za dawa zitokanazo na bangi kwa magonjwa ya akili. Kuhusu wasiwasi, nafuu iliyoonekana ilitoka zaidi kwa watu waliokuwa na maradhi mengine, kama maumivu ya muda mrefu, na wenyewe waliuita ushahidi huo kuwa wa kiwango cha chini sana.

Hiyo haina maana kwamba nafuu yako ni ya kubuni. Ina maana kwamba kipimo ndicho kila kitu, na kipimo kinataka mtu wa kukifuatilia. Huko Chicago mwaka 2017 watafiti waliwapa watu wazima 42 wenye afya njema vidonge vya THC, kisha wakawaweka kwenye jaribio la kuwapa msongo wa mawazo. Waliopata miligramu 7.5 walitulia haraka kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliopata 12.5 walizidi kuvurugika. Miligramu 5 tu katikati ya dawa na sumu. Upande wa CBD, utafiti wa Brazili uliochapishwa 2019 ulitumia hofu ya kuhutubia mbele za watu: miligramu 300 zilisaidia, 150 hazikusaidia, 600 nazo hazikusaidia. Sasa shika chupa yako ya mafuta usome lebo. Wengi hudondosha miligramu 10 au 20 kwa siku, na 300 kila siku ni pesa ambayo wachache wetu wanayo.

Daktari wa familia ana kero zake. Miadi inaweza kuwa baada ya wiki tatu, au sita. Hajawahi kujaza hati hii na hataki kuanza na wewe. Na mamilioni ya watu Kanada hawana daktari wa familia kabisa, wageni wapya wakiwa mstari wa mbele. Kama ndivyo ilivyo kwako Ontario, vituo vya afya vya jamii ni mlango ambao watu wetu wanausahau: vina wauguzi wa ngazi ile niliyoitaja, vingine vina wakalimani, na vinapokea hata wasio na kadi ya bima ya mkoa.

Faida nyingine ya mlango huu haihusu bangi. Daktari akisema hapana, anatakiwa akupe kitu kingine mkononi. Ontario ina mpango wa tiba ya mazungumzo, Ontario Structured Psychotherapy, unaotoa CBT, yaani tiba ya kubadili mazoea ya fikra na tabia, bure kwa watu wazima wenye wasiwasi au sonona, na kwa ugonjwa wa wasiwasi CBT ina ushahidi mzito kuliko chochote kinachouzwa kwenye chupa. Sijasikia kliniki ya bangi ikiutaja hata mara moja katika simu nilizotafsiri. Labda nyingine huutaja.

Kuacha muda upite, ukanunue dukani

Njia hii watu huichukulia kama uzembe, lakini ina hesabu yake. Bidhaa ni zilezile. Kanuni za ubora ni moja, na hata kikomo ni kimoja: pakiti ya jeli haizidi miligramu 10 za THC, uwe una hati au huna. Ukiwa na miaka 19 Ontario, unaingia na kutoka.

Unapoteza nini, basi? La kwanza ni kiasi. Kila mtu mzima anaruhusiwa kubeba gramu 30 za bangi kavu hadharani. Mwenye hati huongezewa gramu zake za siku mara 30, au gramu 150, kile kilicho kidogo. Aliyeandikiwa gramu 1 kwa siku anaongezewa 30, wa gramu 2 anaongezewa 60. Kwa mtu anayetumia mafuta kidogo usiku ili alale, tofauti hiyo hataiona maishani. Kwa anayetumia maua mengi, siku hati inapokufa yale ya ziada aliyobeba mfukoni yanakuwa kosa.

La pili ni kodi. Bangi ya tiba hailipiwi na bima ya mkoa, na hutozwa kodi ya mauzo kama bidhaa nyingine. Lakini risiti za muuzaji uliyejiandikisha kwake kwa hati zinaingia katika gharama za matibabu kwenye fomu ya kodi ya mapato; za dukani haziingii. Tuseme kipato chako halisi ni dola 40,000 na unatumia dola 150 kwa mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka. Asilimia 3 ya kipato ni 1,200, hiyo haihesabiwi, inabaki 600. Kwa kodi ya mwaka 2024 ungechukua asilimia 15 ya hapo upate dola 90 kwa upande wa shirikisho, na kidogo cha mkoa juu yake; tangu 2025 asilimia hiyo imeshushwa kidogo. Si utajiri. Ukiunganisha na gharama nyingine za tiba za familia, miwani na meno, inaanza kuonekana. Tena wapo wauzaji wanaopunguzia bei wenye kipato cha chini, ila ni lazima uombe.

La tatu ni kazini. Mwajiri anatakiwa kumzingatia mfanyakazi mwenye ugonjwa, na hati inathibitisha kwamba bangi yako ni ya matibabu. Haikupi ruhusa ya kufika kazini umelewa, na kwenye kazi za hatari, kama mashine na kuinua mizigo, bado atakuhoji. Bila hati huna hata pa kuanzia mazungumzo.

La nne ndilo linalonifanya nisiipende njia hii kwa mtu mwenye wasiwasi hasa: dukani hakuna wa kukuuliza. Muuzaji wa kaunta haruhusiwi kukupa ushauri wa kitabibu hata akitaka. Kamati iliyoongozwa na Morris Rosenberg kupitia upya Sheria ya Bangi ilitoa ripoti yake Machi 2024 na ikapendekeza njia ya wagonjwa iendelee kuwepo, kando na ile ya maduka.

Na kuna mtego. Ukiacha hati ipite na ukaacha bangi siku hiyohiyo baada ya mwaka mzima wa matumizi ya kila siku, ndani ya siku moja au mbili unaweza kuanza kukosa usingizi, hasira za karibu, na wasiwasi. Hali hiyo hupanda katika wiki ya kwanza na kwa wengi hushuka kufikia wiki ya pili. Mtu huona ugonjwa wake umerudi kwa kishindo, akaamini bangi ndiyo iliyokuwa imeuzuia, akarudi mbio kuhuisha. Huenda ni kweli umerudi. Huenda pia ni mwili unaodai kile ulichozoea. Ukitaka kuacha, punguza polepole, na usipime chochote kabla wiki mbili hazijapita.

Madereva, na wanaosafiri

Hapa hakuna njia bora kuliko nyingine, kwa sababu hati haikukingi popote. Tangu Juni 2018 ni kosa kuwa na nanogramu 2 za THC au zaidi kwa mililita moja ya damu ndani ya saa mbili za kuendesha, na kuanzia 5 adhabu inakuwa kali. Ontario ina pia sheria ya sifuri kabisa kwa vijana, wenye leseni za kujifunzia na madereva wa magari ya biashara. Mwenye hati anaweza kuondolewa kwenye hiyo sifuri ya mkoa, lakini haondolewi kwenye sheria ya jinai. Mwongozo wa 2014 ulitaja saa 4 baada ya kuvuta, 6 baada ya kula, na 8 kama ulihisi kulewa. Mimi ningeongeza.

Vijana wetu wengi wameshika usukani wa malori, na malori yanavuka kwenda Marekani. Kanuni za shirikisho la Marekani kwa madereva hao haziitambui hati ya bangi ya nchi yoyote, na kipimo cha mkojo hakijui kama ulimeza kwa ajili ya wasiwasi au sherehe. Kama hiyo ndiyo kazi yako, mazungumzo ya CBT au ya vidonge vya kawaida uyaanze kabla ya kuhuisha chochote.

Kuvuka mpaka wa Kanada na bangi ni kosa la jinai, kuingia au kutoka, hati uwe nayo au usiwe nayo, na mafuta ya CBD yamo humohumo. Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994, Tanzania ya 2015, na hakuna ofisa wa Jomo Kenyatta au Julius Nyerere atakayesoma hati ya Ontario akakuachia. Wanaopitia Dubai au Doha wakague begi la mkono mara mbili. Kichupa hujificha kwenye mfuko wa mswaki na dawa ya meno.

Ningemwelekeza nani wapi

Kama kipimo chako hakijabadilika mwaka mzima, ni kidogo, unalala, unafanya kazi, na daktari wako wa familia anajua kuwa unatumia hata kama hataki kusaini, kliniki ya simu inakutosha. Omba wapeleke nakala ya maelezo kwa daktari wako, wengine hufanya hivyo ukiomba tu.

Kama ulianza na nusu gramu na sasa umefika mbili huku alama zako za GAD-7 zimebaki palepale, usiipigie kliniki ya simu. Hapo dawa imeshaanza kukimbizana na wewe. Vivyo hivyo kama kuna dawa mpya, mimba, moyo, au umeanza kusikia na kuona visivyokuwepo. Subiri hizo wiki sita za daktari wako, au nenda kituo cha afya cha jamii; ila anayesikia na kuona visivyokuwepo asisubiri, atafute daktari mara moja. Na ikiwa mawazo yamefika kwenye kujidhuru, habari ya kibali iweke pembeni kabisa: piga au tuma ujumbe 988, namba inayofanya kazi Kanada nzima tangu Novemba 2023.

Kama ni matone machache ya CBD kabla ya kulala, hudai kodi na kazini hakuna anayekuhoji, acha muda upite bila majuto. Mwambie mfamasia tu unatumia nini.

Kwa atakayehuisha, anza wiki sita kabla ya tarehe. Wiki mbili kabla ya simu, andika kila siku miligramu za THC na CBD, saa uliyotumia, saa ulizolala. Weka chupa na pakiti tupu mezani, kwani lebo ndiyo yenye namba. Jaza GAD-7 mwenyewe kwa utulivu, kisha tafuta ya mwaka jana uziweke pamoja. Unapopanga miadi omba mkalimani, useme ni Kiswahili cha wapi: cha Bukavu na cha Mombasa si kimoja, na nimewahi kuitwa nikatumia dakika tano za mwanzo kuelewana na mama kuhusu neno "usingizi". Mtoto wako asitafsiri, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu; kuna majibu ambayo hutayatoa mbele yake. Na ukiulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita, shukrani kwa Mungu zitoe, halafu taja na idadi ya siku.